Hatua Isiyotajwa: Historia ya Mapishi Yasiyoandikwa

Leo hatutazungumza habari za wafalme wala habari za vita. Tutazungumza habari za chungu cha mama jikoni. Labda mmoja wenu hapo darasani anacheka na kusema, "Chungu nacho kina historia?" Kinayo, ndugu yangu, tena historia yake imegusa uhai wa watu wengi. Toeni madaftari na kalamu, tuanze.

1. Loshoro ya Kikwe

Tuanze hapa nyumbani, Kikwe, katika nchi ya Meru, upande wa chini wa barabara kuu iendayo Arusha na Moshi. Siku moja nililitembelea darasa la jioni la watu wazima. Nikawaambia wanafunzi, "Leo kila mtu aandike jinsi ya kupika chakula kimoja alichofundishwa na mama yake au bibi yake."

Mama mmoja aliandika habari za loshoro. Wote mnaijua loshoro. Hupikwa kwa ndizi, au kwa mahindi yaliyokobolewa, na huchanganywa na maziwa ya mgando. Mama yule aliandika hivi: "Menya ndizi. Pika mpaka ziive. Mwaga maji. Ponda kwa mwiko. Tia maziwa ya mgando. Koroga. Kula." Mwandiko ulikuwa mzuri, na kila neno lilikuwa mahali pake. Nilimsifu, na darasa zima likampigia makofi.

Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa ametoka mkoa mwingine, wala hakuwa amewahi kupika loshoro. Alilichukua daftari lile nyumbani akapika kama lilivyoandikwa. Alimenya, akapika, akamwaga maji, akaponda. Kisha akamimina maziwa. Mara maziwa yakakatika. Maji yakawa upande wake na mabonge upande wake, na chakula kikawa si chakula tena.

Bibi wa nyumba ile alipoona alicheka, akasema, "Lakini mwanangu, umetia maziwa katika ndizi za moto! Lazima zipoe kwanza." Yule binti akajibu, "Bibi, daftari halikusema." Na yule mama aliyeandika akasema, "Sikuandika, maana nani asiyejua?"

Ndugu wasikilizaji, yashikeni maneno hayo mawili: nani asiyejua? Ndiyo somo letu la leo. Katika mapishi ya urithi, hatua inayopotea kwa kawaida si ile ngumu. Hatua ngumu watu huikumbuka na kuifundisha kwa makini. Inayopotea ni ile ambayo kila mtu wa nyumba ile anaijua, na kwa hiyo hakuna anayeitaja. Maadamu watu wanakaa pamoja, hakuna hasara. Lakini chakula kikisafiri kwenda kwa watu wengine, au mtoto akiondoka nyumbani kabla hajafundishwa kwa mkono, hatua ile hubaki nyuma.

(Hapa mwalimu wa darasa asimame kidogo. Kila mmoja ataje jambo moja ambalo nyumbani kwake husemwa: "Nani asiyejua?")

2. Kwa nini hatua hazitajwi?

Ziko sababu tatu ambazo kila mtu anaweza kuziona.

Sababu ya kwanza ni hiyo tuliyosema, kwamba jambo limezoeleka mno. Mama hafundishi kwa maneno, bali kwa mkono. Mtoto husimama kando ya meko, huona, hunusa, husikia sauti ya chungu. Ukimwuliza mama, "Chumvi kiasi gani?" atasema, "Kiasi." Ukimwuliza, "Kwa muda gani?" atasema, "Mpaka iive." Hakudanganyi. Mkono wake unajua, ila ulimi wake haujawahi kuulizwa.

Sababu ya pili ni siri yenyewe. Kuna watu wanaoficha kwa makusudi, nasi tusiwalaumu upesi. Fikirini mama mpika mbege. Majirani zetu Wachaga, na watu wa Meru pia, hupika pombe ya ndizi na ulezi. Wapishi wengi wa mbege hutia gome la mti uitwao msesewe, ambalo ni chungu. Likizidi, pombe hainyweki. Likipungua, pombe haina ladha yake. Kila mpishi ana kipimo chake, na kipimo hicho ndicho kinachowaleta wanunuzi mlangoni pake. Akikitoa bure, ada ya shule ya watoto itatoka wapi? Basi huificha mpaka siku atakapomwambia binti yake. Na pengine siku hiyo haifiki.

Sababu ya tatu ni safari. Watoto huenda shule, kisha huenda mjini Arusha, Dar es Salaam, Mombasa, hata ng'ambo. Jiko la kuni hubadilika kuwa la mkaa, la mkaa kuwa la gesi. Kibuyu hubadilika kuwa ndoo ya plastiki. Kila kitu kikibadilika, hatua fulani huanguka njiani. Mara nyingi hasara yake ni ladha tu. Lakini mara nyingine hasara yake ni ugonjwa na kifo, kama tutakavyoona.

3. Je, kuandika kunatosha?

Mwanafunzi mmoja atasema, "Dawa yake ni rahisi. Tuandike." Vema, lakini ngojeni kwanza.

Katika nchi ya kale ya Babiloni, ambayo leo ni Iraki, watu waliandika kwa kuchora alama katika udongo mbichi na kuukausha. Viko vibao vya udongo vya namna hiyo vyenye umri wa miaka kama 3,700, vinavyotunzwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Vimeandikwa mapishi, mengi yakiwa ya mchuzi wa nyama na mboga. Vinahesabiwa miongoni mwa maandishi ya mapishi ya zamani kabisa yanayojulikana duniani. Mtaalamu wa Kifaransa, Jean Bottéro, alivisoma na kuvifasiri katika miaka ya 1980.

Je, leo mtu aweza kuvisoma na kupika chakula kile kile? Kwa shida. Mapishi mengi yanataja vitu tu: nyama, maji, mafuta, vitunguu. Hayasemi kiasi gani, wala muda gani. Kwa nini? Kwa sababu mwandishi wa kale naye alisema moyoni mwake, "Nani asiyejua?"

Mambo hayo yaliendelea hivyo kwa maelfu ya miaka. Hata Uingereza, vitabu vingi vya upishi viliandikwa kwa mtindo wa "tia kiasi, pika mpaka iwe tayari." Mwaka 1845 mwanamke aitwaye Eliza Acton alitoa kitabu cha mapishi ambamo aliorodhesha vitu vyote, vipimo vyake, na muda wa kupika. Leo jambo hilo twaliona dogo. Lakini yeye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika kwa ajili ya mtu asiyejua.

Basi kuandika peke yake hakutoshi. Lazima tuandike kwa ajili ya yule asiyejua. Sasa tutazame hasara zilizotokea pale hatua zilipoachwa njiani. Nitatoa mifano miwili, nayo yote ni ya vyakula tunavyokula hapa Tanzania.

4. Mahindi yaliyosafiri bila chokaa

Mahindi hayakuanzia Afrika. Yalianzia katika nchi ya Meksiko, ambako watu wameyalima kwa maelfu ya miaka. Wenyeji wa huko walikuwa na desturi moja. Kabla ya kusaga mahindi, waliyachemsha katika maji yaliyotiwa chokaa, au majivu, wakayaacha yalale usiku kucha. Asubuhi waliyaosha, ganda likatoka, ndipo wakayasaga juu ya jiwe. Mama alimfundisha binti hivyo, na binti akamfundisha binti yake. Hakuna aliyekuwa na maabara. Walijua kwamba ndivyo mahindi yanavyopikwa.

Baada ya Columbus kufika Amerika mwaka 1492, Wazungu walichukua mbegu za mahindi wakazipeleka Ulaya. Walichukua mbegu, lakini hawakuchukua desturi ya chokaa. Kwao ilionekana ni kazi ya bure, maana walikuwa na vinu vya kusagia. Mahindi yakasitawi, na maskini wa Hispania na Italia wakaanza kuyala asubuhi, mchana na jioni.

Kisha ukaja ugonjwa. Mwaka 1735 daktari wa Hispania, Gaspar Casal, aliwaona wakulima wenye ngozi nyekundu iliyokauka na kupasuka mahali palipopigwa na jua. Wagonjwa waliharisha, wengine wakachanganyikiwa akili, na wengi wakafa. Huko Italia ugonjwa huo ukaitwa pelagra, maana yake ngozi kavu yenye kukwaruza. Tangu mwanzo wa karne ya 20 uliwapata pia watu wengi sana kusini mwa Marekani, hasa maskini, weupe kwa weusi, waliokula unga wa mahindi karibu peke yake.

Watu wengine walisema ni ugonjwa wa kuambukiza. Daktari Joseph Goldberger, aliyepewa kazi ya kuuchunguza mwaka 1914, alionyesha kwamba hauambukizi. Unatokana na chakula. Mwaka 1937 mtaalamu Conrad Elvehjem alitambua kitu kinachokosekana, nacho ni vitamini iitwayo niasini.

Na hapa ndipo penye ajabu. Mahindi yana niasini, lakini imefungwa ndani yake kama fedha iliyofungiwa sandukuni. Mwili hauwezi kuitoa. Chokaa na majivu ndivyo vinavyolifungua sanduku. Mama wa Meksiko hakujua neno niasini, lakini hatua aliyorithi ilikuwa ufunguo. Walioyachukua mahindi waliuacha ufunguo nyuma, na watu wengi wakafa kwa sababu hiyo.

Mtauliza, "Basi sisi tunaokula ugali kila siku, mbona wengi wetu hatuugui?" Swali zuri sana. Ni kwa sababu ugali wetu hauliwi peke yake. Maharage, karanga, samaki, nyama na maziwa vinaleta kile ambacho mahindi yamekifungia. Mtu apikaye makande, mahindi na maharage chungu kimoja, anafanya jambo la hekima hata kama hajui sababu yake. Lakini mkiondoa kitoweo, hatari inarudi. Mwaka 1990 nchini Malawi, wakimbizi kutoka Msumbiji waliishi kwa mahindi ya msaada. Karanga walizokuwa wakigawiwa zilikatika. Katika miezi michache zaidi ya watu 17,000 walipata pelagra. Hiyo si habari ya Ulaya ya zamani, ndugu zangu. Hiyo ni ya majirani zetu, na wengi wetu tulio hai tulikuwa tumekwisha kuzaliwa.

5. Muhogo na siku zilizopunguzwa

Mfano wa pili ni muhogo. Huo nao ulitoka Amerika, kutoka Brazili, na Wareno waliuleta Afrika katika karne ya 16. Mnajua kuna muhogo mtamu na muhogo mchungu. Muhogo mchungu una kitu kinachotoa sumu ya sianidi. Wenyeji wa Amerika ya Kusini walijua namna ya kuiondoa. Walimenya, wakakwaruza, wakakamua maji yake katika kikapu kirefu cha kusuka, kisha wakaukausha juu ya moto. Waafrika nao wakatafuta njia zao: kuloweka siku kadhaa, kuvundika, kuanika juani siku nyingi, kutwanga. Njia hizo zikawa urithi.

Sasa sikilizeni. Katika mwaka 1938 daktari aitwaye Trolli aliandika habari za ugonjwa alioukuta Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji. Mtu mzima wa afya, au mtoto, huamka siku moja miguu imekakamaa, na haitapona tena maisha yake yote. Watu wa huko waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa.

Mwaka 1985 ugonjwa huo ulionekana hapa Tanzania, katika wilaya ya Tarime, karibu na Ziwa Viktoria. Ulikuwa mwaka wa ukame. Mahindi na mtama vilikauka, ukabaki muhogo mchungu, ambao unastahimili jua. Watu walikuwa na njaa. Mtoto analia, nawe unaambiwa ungoje siku nyingi mpaka muhogo ukauke vizuri; utangoja? Wakafupisha siku. Madaktari walihesabu wagonjwa 39 wenye miguu iliyokakamaa, na wengi wao walikuwa watoto na kina mama.

Huko Bandundu, Kongo, hatua hiyo ilipotea kwa njia nyingine. Zamani watu waliloweka muhogo siku 3. Kisha barabara nzuri ikajengwa kwenda Kinshasa, na malori yakaja kununua muhogo. Biashara ikachangamka. Ili kuuza haraka, wengine wakaloweka usiku mmoja tu. Wataalamu waliochunguza habari hiyo waliona kwamba konzo iliongezeka pale ambapo siku zilifupishwa, na hasa kwa watu waliokula muhogo bila kitoweo cha kutosha. Mwili unahitaji vyakula kama maharage, samaki au nyama ili uweze kuiondoa sumu ile iliyobaki.

Mnaona? Tarime ni njaa, Bandundu ni fedha, lakini kosa ni moja. Watu walirithi kwamba muhogo hukaa siku 3, lakini hawakurithi kwa nini. Kama bibi angesema, "Siku 3, kwa sababu sumu haijatoka," hata mwenye njaa angefikiri mara mbili. Lakini kama bibi alisema tu, "Siku 3, ndivyo tunavyofanya," basi siku 3 zilionekana desturi tu, na desturi hupunguzwa kwa urahisi. Hatua isiyo na sababu yake ni kama mlango usio na komeo. Upepo wowote utaufungua.

(Hapa mwalimu asimame. Darasa lieleze kwa maneno yao: kwa nini muhogo mchungu lazima ulowekwe au ukaushwe siku za kutosha?)

6. Hatua iliyookolewa

Nisiwaache na huzuni tu. Kuna hatua za zamani zilizookolewa, nazo zimeokoa watu.

Turudi kwenye chungu cha mbege. Mpishi haweki ulezi mkavu. Kwanza huuloweka, kisha huuacha uchipue, ndipo huukausha na kuusaga. Huo unaitwa kimea. Kwa nini uchipue? Kwa sababu mbegu inapochipua hutengeneza vitu vya kuigeuza wanga iwe sukari, na sukari ndiyo inayogeuka pombe. Wazee waliijua hatua hiyo kwa matokeo yake.

Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1973, ilikuwa na taabu moja kubwa. Uji wa mtoto mdogo ukiwa mzito, hawezi kuumeza. Ukiongezewa maji, unakuwa mwepesi lakini hauna nguvu, na tumbo la mtoto ni dogo. Katika miaka ya 1980 wataalamu waliigeukia hatua ya wapika pombe. Unga kidogo wa kimea ukitiwa katika uji mzito ulio na joto, uji ule hulainika kama umeongezewa maji, lakini nguvu yake yote imebaki ndani. Kisha hurudishwa motoni uchemke, na mtoto hula. Akina mama wengi walishangaa. Walikuwa nao ujuzi huo miaka yote katika chungu cha pombe, wala haukuwahi kufika katika kikombe cha mtoto.

Wazee wetu wanaosikiliza watakumbuka kwamba mwaka 1975 nchi nzima ilikusanyika kando ya redio, kama ninyi leo, kwa kampeni ya Chakula ni Uhai. Tulijifunza mengi kutoka kwa wataalamu. Habari ya kimea inatuonyesha kwamba wataalamu nao wana mengi ya kujifunza kwa bibi.

7. Je, kila hatua ya bibi ni njema?

Hapana, ndugu zangu. Historia ni lazima iseme kweli pande zote mbili. Chukueni habari ya magadi. Katika nyumba nyingi za Arusha na Kilimanjaro, mama akipika makande au maharage hutupia kipande cha magadi. Sababu yake ni njema: magadi hulainisha ganda, chakula huiva upesi, kuni hupungua. Hiyo ni hekima ya kweli.

Lakini nchi yetu ni nchi ya volkano. Maji mengi yanayotoka katika Mlima Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja. Kwetu vyanzo vingi vinapita hapo, ndiyo maana kituo cha utafiti cha kuondoa floraidi kiliwekwa Ngurdoto, na wataalamu wake wakafundisha kuchuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Floraidi ikizidi, meno ya watoto huwa na rangi ya kahawia, na katika hali mbaya mifupa huharibika. Tena katika miaka ya 1990 wataalamu wa meno walionyesha kwamba magadi yenyewe huleta floraidi katika chakula. Hata mahali ambapo maji ni mazuri, meno ya watoto yaliharibika kwa sababu ya magadi ya chunguni.

Tufanye nini? Tumdharau bibi? La. Tumwulize sababu. Akisema, "Ni kwa ajili ya kulainisha," basi tumeshika shabaha yake, nasi twaweza kuifikia kwa njia nyingine. Lowekeni mahindi na maharage usiku kucha, yataiva upesi bila magadi mengi. Mtu anayejua sababu ya hatua aweza kuilinda ikiwa njema, na aweza kuibadili ikiwa na madhara. Asiyejua sababu hawezi lolote kati ya hayo mawili.

8. Namna ya kuandika

Basi, kazi ya nyumbani. Wiki hii kila mwanafunzi aende kwa mzee mmoja na aandike chakula kimoja. Fuateni mambo haya matano.

La kwanza, usiulize tu. Pika pamoja naye. Mkono wake utakuonyesha ambayo ulimi wake hautataja.

La pili, pima. Akichota gao la unga, mwombe alimimine kwanza katika kikombe unachokijua, uandike kiasi. Akisema "kidogo", pima hicho kidogo.

La tatu, andika alama. Mpishi hatazami saa. Hutazama rangi, hunusa harufu, husikiliza sauti. Andika: "Mpaka povu litulie," au "Mpaka ndizi zibadilike rangi."

La nne, kwa kila hatua uliza, "Kwa nini?" Ukijibiwa, "Ndivyo tunavyofanya," andika hivyo hivyo, kisha umwulize mzee mwingine.

La tano, mpe daftari mtu asiyekijua chakula hicho, apike peke yake. Pale atakapokosea, hapo ndipo penye hatua isiyotajwa. Iandike.

Kama mzee ana siri ya biashara yake, msimlazimishe. Mwambieni aiandike mwenyewe, aifunge katika bahasha, amwekee binti yake. Siri iliyoandikwa bado ni siri. Siri iliyozikwa si siri tena, imekwisha.

9. Kibuyu cha Kikwe

Nimalizie pale nilipoanzia. Yule bibi wa Kikwe aliyecheka kwa sababu ya loshoro, maziwa yake yalisifiwa mtaa mzima. Yalikaa siku nyingi bila kuharibika, na yalikuwa na harufu nzuri ya moshi. Watu wa kwetu, Waarusha na Wameru, hukisafisha kibuyu kwa kijinga cha moto cha mti maalumu. Wengi hutumia mzeituni wa porini, ambao Waarusha huuita oloirien. Lakini yeye alichanganya mti wa pili. Kila mtu pale nyumbani alimwona akifanya hivyo miaka yote. Hakuna aliyeuliza jina la mti ule, maana alikuwapo siku zote.

Nilipolirudia darasa lile msimu uliofuata, bibi alikuwa amekwisha kufariki. Yule binti aliyekatikiwa na maziwa siku ile sasa anapika loshoro vizuri kabisa, tena katika daftari ameongeza kwa mkono wake mwenyewe: "Ngoja ndizi zipoe." Hatua hiyo imeokoka. Lakini alinionyesha kibuyu kikining'inia ukutani, akasema, "Mwalimu, maziwa hayakai tena kama yale ya bibi. Tumejaribu miti mitatu. Hatujaupata."

Ndugu wasikilizaji, wazee wenu wako hai leo. Kalamu mnayo, na kusoma mmekwisha kujua. Msingoje kesho.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini yule mama hakuandika kwamba ndizi zipoe kwanza?
2. Mahindi yalipopelekwa Ulaya, ni hatua gani iliyoachwa? Matokeo yake yalikuwa nini?
3. Katika Tarime na katika Bandundu, siku za muhogo zilifupishwa. Sababu za pale na pale zilitofautianaje?
4. Taja hatua moja ya mapishi ya nyumbani kwenu ambayo hujui sababu yake. Nani aweza kukujibu?
5. Je, mpishi wa pombe ana haki ya kuficha kipimo chake? Toeni maoni ya pande zote mbili.

Wiki ijayo leteni madaftari yenu, tusomeane tuliyoyakusanya. Mpaka hapo, kwaherini, na chakula chema jioni ya leo.